Viwiko Viwili Katikati: Kupanga Ubao wa Akedi wa Wachezaji Wawili

Anayejijengea mashine ya akedi nyumbani, yaani lile kabati la kusimamia lenye skrini, kijiti na vitufe, mara nyingi huanza na kompyuta na orodha ya gemu. Ni rahisi kuona kwa nini. Tangu Mwitaliano Nicola Salmoria alipoitoa programu ya MAME mwaka 1997, gemu za zamani zilizokuwa zimefungiwa ndani ya mashine za sarafu zimekuwa zikichezeka kwenye kompyuta ya kawaida, na leo hata kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inazimudu nyingi kati yake. Ugumu wa kazi umehama. Sasa uko kwenye ubao wa kuchezea: mbao isiyofika upana wa mita moja, ambayo watu wawili wataiinamia bega kwa bega kwa saa nzima, mikono minne ikifanya kazi kwa pamoja.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ubao wa wachezaji wawili ni suala la kugawana nafasi kati ya miili miwili kabla haujawa suala la vitufe. Anayeanza kwa kuhesabu vitufe huishia na ubao unaokubali kila gemu, lakini wenye kuucheza huchoka baada ya dakika ishirini. Anayeanza na mabega, viwiko na viganja huishia na ubao wa vitu vichache ambao wageni hawataki kuuachia. Tofauti ya hao wawili iko kwenye vipimo vinavyoweza kuandikwa kwenye karatasi kabla msumeno haujagusa mbao.

Njia tatu za kuwakutanisha watu wawili

Tatizo hili ni la zamani sawa na biashara yenyewe. Pong ya Atari, mwaka 1972, ilikuwa na vitasa viwili vya kuzungusha kwenye ubao mmoja, na wachezaji walisimama wakigusana mabega. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa na njia tatu kuu.

Ya kwanza ni hiyo ya bega kwa bega, ambayo kabati za Marekani ziliishikilia kwa miongo kadhaa. Kabati nyingi za aina hiyo zilikuwa na upana wa kama sentimita 60 hadi 65, kipimo kilichomfaa mwenye ukumbi aliyetaka kupanga mashine nyingi ukutani. Ya pili ni meza: skrini inalazwa chini ya kioo, wachezaji wanaketi wakitazamana, na picha inageuka kila zamu inapobadilika. Pac-Man ya mwaka 1980 ilipatikana kwa umbo hilo pia, na ilifaa kwa sababu wachezaji wake wawili hupokezana, hawachezi pamoja. Ya tatu ilishamiri Japani baada ya Street Fighter II kutoka mwaka 1991: kabati mbili zinawekwa uso kwa uso, zimeunganishwa kwa waya, kila mpinzani ana skrini yake na ubao wake. Ugomvi wa viwiko ukaisha, ila kwa gharama ya mashine mbili.

Mjenzi wa nyumbani hana sebule ya kuweka kabati mbili, na meza haifai kwa gemu ambazo wote wawili hucheza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hurudi kwenye njia ya kwanza na kurithi shida zake zote. Kijana aliyezoea kucheza mpira kwenye kibanda cha gemu Dar es Salaam au Nairobi hajawahi kupambana nazo, kwa sababu pedi iko mkononi mwake na akibanwa anasogea. Ubao wa akedi hausogei. Mahali ulipotoboa tundu ndipo mkono wa mtu utakapokaa maisha yote ya mashine hiyo.

Hesabu ya upana

Tazama mpangilio wa kawaida: kila mchezaji ana kijiti upande wa kushoto na vitufe upande wa kulia. Maana yake ni kwamba katikati ya ubao, mkono wa kulia wa mchezaji wa kwanza unakutana na mkono wa kushoto wa mchezaji wa pili. Na mkono haushuki kwenye kitufe kutoka juu. Unatoka begani na kupita kiwikoni, na kiwiko cha mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa kawaida kiko nje kidogo ya kiganja chake. Ndiyo maana viganja viwili vinaweza kuachana vizuri huku viwiko vikigongana.

Tufanye hesabu. Kutoka katikati ya kijiti hadi katikati ya kitufe cha mwisho, kukiwa na vitufe vitatu kwa mstari, ni kama sentimita 15. Kijiti cha kushoto kinahitaji sentimita 8 hivi kutoka ukingo wa ubao ili mkono usining'inie nje, na kitufe cha mwisho cha kulia kinahitaji kama 7. Kwenye ubao wa sentimita 60, kati ya kitufe cha mwisho cha mchezaji wa kwanza na kijiti cha mchezaji wa pili panabaki sentimita 15. Toa 5 za mkono ulioshika kijiti na 5 za kiganja kilichotandazwa juu ya vitufe: zinabaki 5. Hapo ndipo watu huanza kusukumana.

Sasa panua ubao hadi sentimita 75. Kwa kuwa nafasi za pembeni hazibadiliki, sentimita zote 15 ulizoongeza zinakwenda katikati. Pengo linakuwa 30, na baada ya kutoa mikono zinabaki 20. Pia vijiti viwili sasa vinaachana kwa sentimita 45, ambao ni karibu upana wa mabega ya mtu mzima. Kila mmoja anasimama mbele ya sehemu yake bila kujikunja wala kumpa mwenzake mgongo. Hiki ndicho kipimo ninachokitetea: sentimita 70 zikiwa za chini, 75 zikiwa za kuridhisha. Kabati lenyewe linaweza kubaki jembamba, ubao ukatokeza kidogo kila upande.

Kupita hapo faida inaanza kupungua. Kwenye ubao wa 75 kila mchezaji anaitazama skrini akiwa kama sentimita 22 kando ya katikati. Macho yakiwa sentimita 70 kutoka kwenye skrini, hiyo ni pembe ya karibu nyuzi 18. Skrini nzuri za bapa zinaistahimili pembe hiyo bila shida; za bei nafuu hubadilika rangi, na kadiri ubao unavyopanuka ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Halafu kuna milango. Mlango wa chumba wenye nafasi ya sentimita 70 au 75 ni wa kawaida, na kabati lisilopita mlangoni litabaki lilipojengewa. Ubao mpana na ufungwe kwa boliti zinazofunguka.

Kila kitufe kina gharama

Baada ya upana kujulikana, ndipo swali la vitufe linapopata uzito wake. Historia inatoa jibu la wazi. Pac-Man haikuwa na kitufe cha kuchezea hata kimoja, na Donkey Kong ya mwaka 1981 ilikuwa na kimoja cha kuruka. Joust ya mwaka 1982, mojawapo ya gemu bora za watu wawili kucheza pamoja, ilitosheka na kijiti cha kwenda kushoto na kulia pamoja na kitufe kimoja cha kupiga mabawa. Double Dragon ya mwaka 1987 ilitumia vitatu, na mfumo wa Neo Geo wa mwaka 1990 ukaja na vinne. Mortal Kombat, mwaka 1992, ilitumia vitano, huku Street Fighter II ikiwa imeshafika sita: vitatu vya ngumi juu, vitatu vya mateke chini.

Sita kwa kila mchezaji, kwa safu mbili za vitatu, vinabeba karibu gemu zote za watu wawili zilizowahi kuwa na maana kwenye kumbi hizo. Kuongeza kitufe cha nne kwenye kila safu hadi vifike vinane, kama ilivyo kwenye mbao nyingi za kuchezea za kisasa za Japani, kunameza kama sentimita 3.6 kwa kila mtu, na kwa mchezaji wa kushoto zinatoka palepale penye msongamano. Anayecheza gemu za mapigano za miaka ya karibuni ana sababu ya kuzilipa. Kwa mwingine yeyote, vitufe hivyo viwili ni mapambo yanayombana mwenzake.

Kishawishi kikubwa zaidi ni kuweka kila chombo cha historia ya gemu kwenye ubao mmoja: mpira wa kuviringisha wa Centipede, kitasa cha kuzungusha cha Arkanoid, kijiti cha tatu cha njia nne. Vyombo hivyo vinaishia katikati kwa sababu ndiko kuliko na nafasi, na nafasi hiyo tayari ina wenyewe, nao ni viwiko viwili. Kitasa kidogo kinaweza kukaa juu katikati, karibu na skrini, bila kumsumbua mtu. Mpira wa kuviringisha hauwezi, maana unadai nafasi ya kiganja mbele yake. Anayeupenda kweli na atengeneze ubao wa pili wa kubadilisha.

Na kuna gemu ambazo ubao wa wawili unazikidhi bila nyongeza. Robotron: 2084 ya mwaka 1982 inachezwa na mtu mmoja kwa vijiti viwili, kimoja cha kutembea na kimoja cha kufyatua. Mchezaji akisimama katikati na kushika vijiti vya pande zote mbili, vilivyoachana kwa upana wa mabega, mikono inanyooka mbele yake kwa urahisi.

Vidole havilingani

Weka mkono wako wa kulia mezani, ulegeze, kisha tazama ncha za vidole. Cha shahada kiko nyuma ya cha kati, cha pete kinakaribiana na cha kati, na cha mwisho kimerudi nyuma sana. Ukitoboa matundu kwa mstari ulionyooka kabisa, mkono unalazimika kukunja kidole kimoja au kupinda kifundo ili vingine vifike. Kwa dakika tano huoni kitu. Kwa saa moja maumivu yanaanza upande wa nje wa kifundo.

Dawa ni kuufuata mkono. Kitufe cha kwanza, cha shahada, kinashushwa sentimita moja au mbili chini ya cha pili, na cha tatu kinakaa usawa wa cha pili au chini yake kidogo. Safu ya chini inarudia mchoro huohuo, ikisogezwa kidogo kushoto, kwa sababu vidole vikirudi nyuma hurudi kwa mshazari. Kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kingine, milimita 36 ni kipimo kinachofahamika kwa vitufe vya Kijapani vya milimita 30. Ukishuka chini yake, vitufe vinakaribia kugusana. Ukikifanya 45, mtu mwenye mkono mdogo ataruka kutoka kitufe hadi kitufe badala ya kutulia.

Kuna kosa moja linalojirudia kwenye mbao za kuchezea za nyumbani: kuuzungusha mpangilio mzima, pamoja na kijiti, ili kila mchezaji aelekee katikati ya skrini. Vitufe vinaweza kuzungushwa, kwani kitufe hakina mwelekeo. Kijiti kikizungushwa hata kwa nyuzi 15, juu ya mkono si juu ya skrini tena. Kwenye gemu ya njia nne, mchezaji atapinda kona isiyo yake, na atailaumu mashine. Mhimili wa kijiti na uwe sambamba na skrini daima, hata kama mchezaji mwenyewe amesimama kwa pembe.

Kijiti chenyewe kinachaguliwa kwa namna mtu anavyokishika. Vijiti vya Kijapani vina mpira wa kipenyo cha milimita 35 na springi nyepesi; wapo wanaoukamata mpira kutoka juu, na wapo wanaoupitisha mti wake kati ya vidole kiganja kikitazama juu. Vya Kimarekani vina kichwa kirefu na springi ngumu zaidi, na mkono unakishika kama mpini. Kwa ubao wa familia, springi nyepesi haziwachoshi watoto sana. Lililo muhimu zaidi ni wote wawili kupewa aina moja. Kijiti kizuri upande mmoja na duni upande wa pili kinaamua mshindi kabla gemu haijaanza.

Chini ya kijiti kuna bamba linalozuia kijiti kwenda mbali. Tundu lake likiwa mraba, kona nne zinakuonyesha mshazari uliko. Likiwa na pembe nane, kijiti kinatulia kwenye kila mwelekeo. Pac-Man na Donkey Kong zinataka njia nne tu, na kijiti cha njia nane huzikorofisha. Aina kadhaa za bamba zinageuzwa kwa mkono kutoka nane hadi nne, kwa hiyo mjenzi hahitaji kijiti cha ziada, anahitaji ubao unaofunguka kwa urahisi.

Urefu, mwinamo na ukingo

Kwa anayecheza akiwa amesimama, ubao ulio sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni unakuja chini kidogo ya kiwiko cha watu wazima wengi, na hapo ndipo mkono unapopumzika. Kwa anayeketi kwenye kiti cha kawaida, sentimita 65 hadi 70 zinatosha, alimradi chini ya ubao pana nafasi ya mapaja. Chagua moja kati ya hayo mawili. Urefu wa katikati, unaolenga kuwaridhisha wote, humfanya aliyesimama ainame na aliyeketi anyanyue mabega. Penye watoto, kijukwaa cha kukanyagia ni suluhisho bora kuliko kuushusha ubao.

Mwinamo mdogo kuelekea kwa mchezaji, nyuzi 5 hadi 10, unatosha. Ukizidi hapo, kifundo kinapinda kwenda juu na kubaki hivyo mchezo mzima.

Ukingo wa mbele ndio sehemu inayosahaulika na inayoumiza kuliko zote. Kati ya ukingo na kitufe cha chini kabisa ziachwe sentimita 8 hadi 10 za kulaza kiganja. Kisha kona ya ukingo iviringishwe, ipigwe msasa, au ivalishwe utepe wa plastiki wa duara. Ukingo mkali wa mbao unakandamiza upande wa ndani wa kifundo, mahali ambapo mishipa ya fahamu na kano za vidole hupita pamoja kwenye njia nyembamba, na ganzi inayoanzia hapo si ya kupuuzwa.

Vitufe vya kuanzisha gemu na vya sarafu viwekwe juu, karibu na skrini, au kwenye uso wa mbele ulio wima. Kitufe cha kutoka kwenye gemu kiwe pembeni au kihitaji kushikiliwa. Hakuna kinachokatisha mapambano ya watu wawili vibaya kuliko kiganja kilichoteleza kikaifunga gemu katika raundi ya mwisho.

Chini ya ubao

MDF ya milimita 18 au plaiwudi ya unene huohuo haitapinda watu wawili wakiiegemea. Lakini vitufe vingi vya Kijapani vya kubana vimetengenezwa kwa ajili ya bati jembamba, na mti wa kijiti ni mfupi. Ukifungwa chini ya milimita 18, mpira unakaribia kulala juu ya ubao. Fundi seremala mwenye rauta anachimba upande wa chini hadi pabaki unene mdogo mahali pa kijiti. Asiye na rauta anaweza kutumia vitufe vya Kimarekani, vyenye uzi mrefu na nati, vinavyoingia kwenye tundu la milimita 28 na ushee na kukaza mbao nene bila tabu. Matundu yatobolewe kwa keekee ya tundu pana, kipande cha mbao chakavu kikiwa kimebanwa chini ili MDF isibanduke.

Upande wa umeme, tatizo moja ni la wachezaji wawili hasa. Wajenzi wa mwanzo walipasua kibodi ya kompyuta na kuunganisha nyaya za vitufe kwenye sakiti yake. Kibodi ya kawaida hupanga vibonyezo vyake kwa mistari na safu zinazokatana. Vibonyezo vitatu vilivyo kwenye kona tatu za mstatili vikibonyezwa kwa pamoja, umeme unazunguka na kompyuta inaona cha nne ambacho hakuna aliyekigusa, au kibodi inakataa kupokea cha tatu. Mchezaji mmoja hukutana na hilo mara chache. Wawili wanaosukuma kijiti kwa mshazari huku kila mmoja akipiga kitufe tayari wamefunga swichi sita. Mmoja anarusha ngumi isiyotoka, mwingine anaruka bila kutaka, na lawama zinaelekezwa kwa mtu wakati kosa liko kwenye sakiti. Ndiyo maana bodi zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama I-PAC ya Ultimarc, huipa kila swichi njia yake yenyewe.

Bodi moja inayohudumia wachezaji wote pia ni salama kuliko bodi mbili za USB zinazofanana. Kompyuta ikizitambua kwa mpangilio tofauti baada ya kuwashwa, mchezaji wa kwanza anageuka wa pili. Mwisho, ubao wote ukae kwenye bawaba ili swichi iliyokufa ibadilishwe kwa dakika chache. Starehe isiyotengenezeka haidumu.

Jaribio la kubadilishana nafasi

Vipimo vyote hapo juu ni vya kuanzia, na mkono wa mtu ndio unaotoa uamuzi. Kabla ya kununua mbao, chora mpangilio kwenye karatasi kwa kipimo kamili, ubandike kwenye boksi gumu la katoni, toboa, funga vijiti na vitufe, kisha uliweke katika urefu uliokusudiwa. Waite watu wawili wa maumbo tofauti, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wacheze gemu ya kushindana kwa nusu saa. Halafu wabadilishane upande, wacheze nusu saa nyingine.

Usiwaulize kama ubao ni mzuri, kwa sababu watakusifu. Waulize wangependa kubaki upande upi. Wote wawili wakichagua upande mmoja, upande wa pili una kasoro, na sasa unajua wapi pa kupima upya: ni kiwiko, ni ukingo au ni kijiti. Kwenye katoni, kusogeza tundu sentimita mbili ni kazi ya dakika moja. Kwenye MDF ni kununua mbao nyingine. Wakijibu kwamba kwao ni mamoja, mpe fundi michoro. Anayeshindwa kwenye ubao huo atakuwa ameshindwa na mwenzake, wala si na mbao, na gemu ya watu wawili haina sababu nyingine ya kuwepo.